Mgeni wa Siku ya Tatu: Pwani ya Amalfi katika Maandishi ya Wageni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa nyumbani, mgeni akaapo mno na akiba ikapungua. Walakini yafaa pia kuwa mizani ya kupimia maandishi ya safari. Mwandishi aingiaye mji usio wake ni mgeni kama wageni wengine. Siku ya kwanza hukaribishwa na kustaajabu. Siku ya pili hutembezwa na kusifu. Siku ya tatu yampasa kushika jembe. Jembe la mwandishi ni swali: vitu hivi alivyovisifu vilifanywa na nani, na gharama yake ilitoka katika mfuko wa nani? Wengi waandikao safari hurudi kwao jioni ya siku ya pili.

Ni mahali pachache panapoweza kuijaribu mizani hii kama pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia. Huko, upande wa kusini wa rasi ya Sorrento, milima hushuka katika Bahari ya Mediterania kwa ghafula, bila ya kuacha uwanda. Watu waliotaka kukaa hapo hawakupata pa kujenga ila ubavuni mwa jabali. Nyumba za Positano zimepandana juu ya genge, kizingiti cha hii kikikaribia kulingana na dari ya ile. Amalfi wenyewe umejibana katika bonde jembamba, na Ravello uko juu, kiasi cha mita 350 toka usawa wa bahari. Njia za asili za pwani hiyo ni ngazi. Kulifikia kanisa kuu la Mtakatifu Andrea mjini Amalfi peke yake hupandwa vidato 62. Baina ya mji na mji, popote palipoweza kushika udongo, jabali limekatwa matuta, na kila tuta limezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, ili mvua isiuchukue udongo baharini. Juu ya matuta hayo hustawi milimau.

Mwaka 1997 UNESCO iliiandika pwani hii katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea zamani kwa kalamu za wageni, na kalamu hizo hazikuona kitu kimoja. Katika mapitio haya zitapimwa tatu khasa: ya Giovanni Boccaccio katika karne ya 14, ya Henrik Ibsen katika karne ya 19, na ya John Steinbeck katika karne ya 20. Kabla yao yafaa kumsikiliza shahidi mmoja wa kale zaidi.

Shahidi huyo ni Ibn Hawqal, msafiri na mwanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 10, mwenye kitabu kijulikanacho kwa jina la Surat al-Ard. Katika kuieleza miji ya Walombardi aliupa Amalfi nafasi ya mbele: mji wenye neema kuliko mingine, wenye heshima na utajiri. Sifa hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ni sifa ya hali na mali, wala si sifa ya mandhari. Mtu wa leo akiutazama mji ule huanza na rangi ya maji na urefu wa jabali. Ibn Hawqal, ambaye macho yake yalikwisha kuzoea masoko ya nchi nyingi, aliona mji wa biashara wenye mizani na bohari. Kwake jabali halikuwa pambo. Lilikuwa sababu ya watu wale kugeukia bahari, maana nchi kavu haikuwapa shamba la kutosha.

Wala hakukosea. Wafanyabiashara wa Amalfi walikuwa wakiendesha shughuli zao mpaka Misri na Konstantinopoli. Milango ya shaba ya kanisa lao kuu ilitengenezwa Konstantinopoli katika karne ya 11. Matao ya ua wa ndani wa kanisa hilo, uliojengwa katika karne ya 13, yamepishana kwa namna ionyeshayo mkono wa ufundi wa Kiarabu. Utengenezaji wa karatasi, sanaa waliyoipokea kutoka kwa Waarabu, ulikita mizizi katika bonde la mto wao, na vinu vilivyoendeshwa kwa maji vikawa maarufu. Mwaka 1231 Mfalme mkuu Frederick wa Pili alikataza hati za serikali kuandikwa juu ya karatasi, akihofu kuwa haitadumu kama ngozi; hata hivyo vinu vya Amalfi vilidumu kuliko ufalme wake. Mji uliochumwa na Wapisa mwaka 1135 na mwaka 1137, kisha ukabomolewa sehemu yake ya chini na tufani ya mwaka 1343, haukuwa ndoto ya mtu. Ulikuwa mahali pa kazi na pa hasara.

Kutoka katika dunia hiyo ndipo alipotokea Boccaccio. Alikuwa Mtoskana, mgeni katika kusini. Lakini ujana wake ulipita Napoli, ambako baba yake alikuwa wakala wa nyumba ya fedha ya Bardi, naye kijana akatiwa katika kazi hiyo ya kuhesabu kabla ya kuikimbilia fasihi. Katika Decameron, kitabu alichokiandika baada ya tauni ya mwaka 1348, hadithi ya nne ya siku ya pili inaanzia pwani ya Amalfi. Mwanzo wake ni wa kusifu: miji midogo, bustani, chemchemi. Lakini katika pumzi ile ile sifa inaingia watu, nao ni matajiri wenye bidii katika biashara. Boccaccio hakuyatenga mandhari na shughuli. Bustani zinatajwa, na wenye kuzigharimia wanatajwa pamoja nazo.

Kisha hadithi inamchukua mmoja wao, Landolfo Rufolo wa Ravello. Ni tajiri asiyetosheka. Ananunua jahazi kubwa, analijaza bidhaa, anakwenda Kipro. Huko anakuta vyombo vingine vimemtangulia na bidhaa zile zile. Bei inaanguka, naye anauza kwa hasara mpaka anakaribia kufilisika. Kwa kuona haya ya kurudi mtupu anauza jahazi, ananunua chombo chepesi, anageuka haramia. Kwa muda wa mwaka mmoja mali yake inarudi maradufu. Akiwa njiani kurudi anakamatwa na Wajenova, ambao nao wanapigwa na tufani. Landolfo anaelea juu ya kasha, mawimbi yakimpeleka yatakapo, hata anatupwa katika kisiwa cha Corfu. Pwani yuko mwanamke maskini anasugua vyombo vyake kwa mchanga na maji ya chumvi. Yeye ndiye amvutaye nchi kavu, amkandaye kwa maji ya moto na kumlisha mpaka nguvu zimrudie. Ndani ya kasha Landolfo anagundua vito vya thamani. Anavificha, anarudi Ravello, na baada ya kuviuza anapeleka fedha nyingi Corfu kwa mwanamke yule, na nyingine Trani kwa watu waliomvika nguo njiani. Kisha haendi tena kufanya biashara.

Wahakiki wameisoma hadithi hii kama hadithi ya bahati, na kweli bahati ndiyo mada iliyowekewa siku ile katika kitabu. Walakini mizani ya methali yaonyesha jambo jingine. Utajiri wa nyumba ile ya juu jabalini haukutoka jabalini. Ulipita Kipro, ukapita katika uharamia, na mwisho uliokolewa na mikono iliyokuwa ikisugua vyungu. Boccaccio anaijua njia hiyo yote na anaieleza bila ya kuipaka rangi. Zaidi ya hayo, hadithi yake haimalizwi na kurudi nyumbani, bali na kulipa deni. Aibu moja tu imebaki: mwanamke wa Corfu hakupewa jina. Tajiri na mji wake wana majina. Aliyemtoa majini ni mwanamke tu. Mwandishi alimlipa fedha asimlipe jina, na msomaji hana budi kuliona pengo hilo hata katika kazi njema kama hii.

Yaliyotokea baadaye huko Ravello yaonyesha jinsi hesabu iwezavyo kufutwa. Familia ya Rufolo ilikuwa ya kweli, na nyumba yake ya fahari ingalipo mpaka leo. Mwaka 1880 Richard Wagner, mtungaji wa muziki wa Kijerumani, aliingia katika bustani ya nyumba hiyo, ambayo ilikwisha kutengenezwa upya na mwenyewe wa wakati ule, Mwingereza wa asili ya Skotilandi. Wagner akasema amekwisha kuiona bustani ya mchawi Klingsor aliyokuwa akiitafuta kwa ajili ya Parsifal, kazi iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1882. Hapana lawama mtu kupata picha popote ipatikanapo. Lakini tazama badiliko lenyewe. Boccaccio alipomwona mwenye nyumba ya Ravello, aliona tajiri mwenye hofu ya kufilisika. Miaka 500 baadaye mgeni mwingine aliona nguvu za uchawi. Kitu kikisahauliwa kilivyopatikana, huonekana kuwa kimetokea kwa uchawi.

Mwaka mmoja kabla ya Wagner, Amalfi ulipata mgeni wa namna nyingine. Katika kiangazi cha mwaka 1879 Henrik Ibsen, Mnorwe, alitoka Roma pamoja na mkewe na mwanawe, akapanga katika hoteli iliyokuwa zamani nyumba ya watawa, juu ya jabali linalotazama bahari. Hapo ndipo alipoandika sehemu kubwa ya A Doll's House, mchezo uliochapishwa Desemba mwaka ule ule. Mchezo huo si mgeni kwa Afrika Mashariki. Wanafunzi wengi wa Kenya wameusoma katika shule za sekondari kuwa kitabu cha mtihani. Wameusoma kama mchezo wa nyumba ya kaskazini: baridi, mti wa Krismasi, jiko la kuotea moto, mlango unaofungwa. Nani atazamiaye kuikuta pwani ya kusini humo?

Hata hivyo imo, nayo ndiyo iliyoujenga mchezo. Miaka kadhaa kabla ya pazia kufunguliwa, Helmer, mume wa Nora, alikuwa mgonjwa wa kufa, na waganga wakasema hapana dawa ila akae kusini. Helmer hakuambiwa ukubwa wa maradhi yake, wala hakuwa tayari kukopa. Nora akakopa kwa siri: kroner 4,800. Kwa kuwa ilitakiwa dhamana ya baba yake, naye mzee alikuwa mahututi, Nora akaighushi sahihi yake, tarehe ikaangukia siku ambayo mzee amekwisha kufa. Wakaenda Italia, mume akapona. Tangu siku hiyo Nora analipa kidogo kidogo: anajinyima nguo, anajifungia usiku akinakili maandishi ya watu kwa ujira, huku mumewe akidhani fedha ya safari ilitoka kwa mkwewe na kumwona mkewe mbadhirifu.

Yaani, msiba wote wa mchezo huu umetokana na swali moja: nani aliyelipia safari ya kwenda kuiona bahari ya kusini? Helmer ndiye mgeni wa siku mbili aliye kamili. Ameipata afya, ameleta kumbukumbu, hajui bei. Miongoni mwa kumbukumbu hizo ni vazi la binti mvuvi wa Kinapoli alilomshonesha mkewe huko, na ngoma ya tarantella ambayo Nora alijifunza Capri, kisiwa kisicho mbali na Amalfi. Katika sehemu ya pili ya mchezo barua ya mkopeshaji, ielezayo deni na kughushi, imo katika sanduku la barua. Nora anacheza tarantella ili mumewe asiende kulifungua. Helmer anauona ukali wa ngoma, haijui sababu yake. Katika sehemu ya tatu, baada ya karamu, anajisifu jinsi alivyomwondosha mkewe mara tu ngoma ilipokwisha, ili uzuri ubaki machoni mwa watu bila ya kuchujuka. Hivi ndivyo afanyavyo msafiri na picha: huikata mahali inapopendeza. Aliyemo ndani ya vazi ana deni na hofu, lakini picha haionyeshi deni.

Kwa mtazamo huu Ibsen hakukaa Amalfi bure. Hakuandika hata sentensi moja ya kulisifu jabali alilolala juu yake. Alichukua ngoma ya watu wa pwani ile na vazi la wavuvi wake, vitu ambavyo wageni walivinunua kuwa ukumbusho, akavigeuza kuwa ushahidi wa deni. Na kisa chenyewe hakikutoka hewani. Laura Kieler, mwandishi aliyejuana na Ibsen, alikuwa amekopa kwa siri ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia, na mambo yake yakaishia katika msiba wa nyumba. Wasemao kwamba mchezo huu wahusu ndoa na uhuru wa mwanamke wanasema kweli. Lakini ndoa ile ilipimwa kwa hesabu ya safari, na mwanamke alianza kujitambua alipoona kuwa aliyefaidi safari hayuko tayari hata kuitazama hesabu hiyo. Dawa ya deni ni kulipa, wasema Waswahili. Helmer alidhani dawa yake ni kuchoma hati.

Mgeni wa tatu ni mpenzi wa watu, na kwa sababu hiyo hukumu yake ni ngumu zaidi. Mwezi wa Mei mwaka 1953 John Steinbeck, Mmarekani, alichapisha katika gazeti la Harper's Bazaar insha juu ya Positano. Ni insha ya kuchekesha na ya kuvutia. Inaanza kwa joto la Roma, inapita katika barabara ya magenge ambamo msafiri na mkewe wamejikunyata nyuma ya gari huku dereva akisema mfululizo, na inafikia mji uliopanda mlima kwa ngazi. Mwandishi hakuwa mvivu wa kuuliza. Anataja kwamba Positano ulikuwa zamani mji wa biashara ya bahari, na kwamba meli za moshi zilipokuja katika karne ya 19 biashara hiyo ilikufa, na sehemu kubwa ya wenyeji ikahamia Marekani.

Ila jambo hilo kubwa, yaani mji kuhamwa na watu wake, linapita katika insha kwa sauti ile ile ya uchangamfu iliyotumiwa kwa dereva. Linakuwa kisa kimoja miongoni mwa visa. Nalo lilikuwa jembe lenyewe lililowekwa mlangoni! Nyumba zilizokuwa tupu ndizo zilizoweza kupangishwa kwa wageni. Utulivu alioupenda mgeni ulikuwa ukimya wa walioondoka. Ajabu zaidi ni kwamba Steinbeck ndiye aliyeandika The Grapes of Wrath, mwaka 1939, kitabu ambamo wahamaji na wachuma matunda wa California walipata sauti isiyosahaulika. Nyumbani kwake alijua kila tunda lina mkono uliolichuma. Ugenini alipumzika, na kalamu yake ikapumzika naye. Mtu anaweza kuwa mwenyeji mwenye haki na bado akawa mgeni wa siku mbili.

Steinbeck alikuwa na hoja nyingine, kwamba hapana hatari ya Positano kuharibiwa na watalii. Alisema nafasi haipo, na mtalii hapendi kupanda ngazi. Historia haikumsadiki. Leo barabara ya pwani ile, nyembamba, iliyochongwa katika jabali, husongwa na magari wakati wa kiangazi, na nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha wageni. Insha yake yenyewe imekuwa tangazo. Kosa hilo si la kumcheka mtu kwa kukosa utabiri. Asili yake imo katika namna ya kuona: aliziona ngazi kuwa sifa ya mahali, kama rangi ya ukuta, hakuziona kuwa kazi. Kama angeliuliza nani apandaye ngazi hizo na mzigo, angelijua kwamba ngazi hazijapata kumzuia mtu mwenye fedha, kwa kuwa daima alikuwapo mtu mwingine wa kupanda kwa niaba yake.

Mtu huyo aghalabu alikuwa mwanamke. Kwa vizazi vingi malimau ya pwani ya Amalfi yalishushwa toka matuta ya juu mpaka ufuko wa bahari mabegani mwa wanawake. Kila mmoja alibeba tenga lenye uzito wa zaidi ya kilo 50 katika vidato vya mawe, safari baada ya safari, kutwa nzima. Watu waliwaita formichelle, yaani chungu wadogo, kwa jinsi walivyofuatana katika mstari wakipanda na kushuka. Jina hilo ni la huruma na la kudunisha kwa pamoja. Mtazamaji aliyekaa mbali huona mstari wa chungu, haoni nyuso. Wanawake hawa hawakuandika vitabu. Maandishi yao ni vidato vyenyewe na kuta za matuta. Kuta hizo zisipotunzwa kila mwaka hubomoka, na udongo huporomoka, ikawa hatari kwa nyumba za chini. Kwa hiyo uzuri ule ambao wageni huusifu kama kazi ya maumbile ni kazi ya kila siku, na mikono ikiondoka uzuri nao utaondoka.

Hapa yaweza kuulizwa kama ni haki kumtoza mwandishi ushuru huu. Je, mtu asisifu bahari bila ya kuhesabu matenga? Swali ni la haki na lastahili jibu. Sifa si dhambi, na uzuri una haki yake. Boccaccio alisifu, na sifa yake haikuharibika kwa kuingia bei ya bidhaa za Kipro. Bali ilipata uzito. Ibsen hakusifu kabisa, na bado hakuna aliyeeleza kwa ukali zaidi jinsi kusini kulivyoota katika akili za watu wa kaskazini. Isitoshe, mizani hii haidai kwamba kila insha iwe daftari la mishahara. Yadai tu kwamba mwandishi asikifanye kitu kilichogharimiwa kionekane cha bure. Uongo huo ni wa fasihi kabla haujawa wa siasa: huidhoofisha lugha, maana maneno ya kusifu yakikosa kitu cha kushika huanza kufanana. Mji mmoja juu ya jabali ukawa kama mji mwingine wowote juu ya jabali, na msomaji hawezi kujua amepelekwa wapi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wake. Nathari ya safari katika lugha hii haikuanzishwa na watu waliokwenda kupumzika. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari aliandika habari za safari yake ya Urusi na Siberia, naye alikwenda huko katika utumishi wa Mzungu aliyefuatana naye. Mtu aliye katika utumishi haruhusiwi kuwa mgeni wa siku mbili. Jembe amepewa kabla ya kufika. Anaijua njia kwa mizigo yake. Urithi huo ni wa fahari, na wanafunzi wa leo waandikao habari za safari wangefanya vyema kuusoma kabla ya kuiga insha za magazeti ya kupendeza.

Tena upande wa pili wa mizani uko karibu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ile ile ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Milango yao ya nakshi na vichochoro vyao vimekwisha kuanza kuandikwa kama vidato vya Positano: kama pambo lisilo na mtengenezaji, lisilo na aliyelipa, na katika habari za Zanzibar, bila ya watumwa ambao jasho lao lilikuwa sehemu ya mali iliyojenga nyumba zile. Wenyeji nao huanza kujieleza kwa maneno waliyoyasoma kwa wageni wao. Hii ndiyo hasara iliyo kubwa kuliko msongamano wa magari: mwenyeji kuwa mgeni wa siku mbili nyumbani kwake.

Basi katika kuwapanga waandishi hawa watatu, hukumu haitafuata utamu wa kalamu peke yake. Steinbeck ana utamu mwingi, naye atasomwa kwa furaha na kila mtu aliyepata kuogopa njia ya milimani. Boccaccio ana utamu na hesabu pamoja, upungufu wake ukiwa jina moja ambalo hakuliuliza. Ibsen, aliyefunga dirisha lake la Amalfi akaandika habari za chumba cha baridi, ndiye aliyeuliza swali mpaka mwisho wake na kulipokea jibu lililomvunjia mtu nyumba. Atakayekwenda pwani ile na vitabu vitatu mkononi ataona ngazi ni zile zile. Akitaka kujua zinapandwaje, na aanze asubuhi, kabla ya magari, ahesabu vidato toka ufukoni hata tuta la kwanza la milimau, kisha ajaribu kuuwazia mzigo wa kilo 50 begani.